Umelala au Umesimama?

Nilikuwa na miaka kumi nilipotoa ushahidi wa uongo mbele ya wazee wazima. Ilikuwa mwezi 29 Ramadhani, ufukweni Bububu, upande ule wa Unguja ambao jua huzama baharini na hakuna kilima wala ghorofa la kukukinga. Tulikuwa tumeshafungua kwa tende na maji palepale mchangani. Wanaume wamesimama kwa makundi, viatu mkononi, nyuso zote magharibi kama watu wanaongoja jahazi lililochelewa. Mbingu ilikuwa rangi ya embe bivu, na mawingu membamba yamejilaza juu ya maji.

Nyumbani kanzu yangu mpya ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha mamangu, na tangu asubuhi nilikuwa nimeshaijaribu mara tatu. Sikutaka ingoje siku nyingine. Basi nikanyoosha kidole.

"Ule! Nauona ule!"

Watu wakasogea. Mzee mmoja aliyekuwa akitusalisha msikiti wa karibu akachutama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Hakunikemea. Aliniuliza taratibu, kama mtu anayeulizia bei ya samaki.

"Umeuona kulia kwa pale jua lilipozama, au kushoto?"

"Kulia, babu."

"Juu sana?"

"Kidogo."

"Umelala au umesimama?"

Hilo sikulitegemea. Nikasema umesimama. Akaniambia nimchoree, nami nikachora mchangani kwa kidole mwezi ninaoujua mimi: umesimama wima, pembe zote mbili zimeangalia upande, kama ule ulio juu ya kuba la msikiti. Mzee akautazama, kisha akacheka mpaka mabega yakamtikisika.

"Huu wa bati, mjukuu wangu. Huu kausimamisha fundi."

Kwetu sisi tulio jirani na ikweta, mwezi mwandamo hausimami. Jua na mwezi hushuka magharibi karibu wima, jua likitangulia na mwezi ukifuata juu yake, na upande unaopata mwanga ni ule unaolitazama jua, yaani upande wa chini. Kwa hiyo mwezi hulala kama dau, pembe juu. Mara nyingine huinamia kidogo upande mmoja, kama dau lililopakiwa vibaya, lakini kusimama wima hausimami. Mwezi wa kusimama ni wa watu wa mbali kaskazini, na ndio walioupaka kwenye bendera na makuba. Mimi niliyezaliwa pwani, niliyekuwa nikiuona mwezi halisi kila mwezi mpya, nilipoambiwa nichore nilichora wa bati.

Na hata ningeuona kweli, ushahidi wangu usingepokewa. Katika fikihi ya Kishafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, shahidi wa mwezi awe baleghe, awe na akili timamu, awe mwadilifu. Mimi nilikuwa na la pili tu, tena kwa mashaka. Mzee alilijua hilo vizuri. Aliniuliza kwa sababu ndivyo shahidi anavyoulizwa, na labda alitaka watoto wengine wasikie.

Nimelikumbuka swali lile miaka mingi, kwa sababu Ramadhani haipiti bila ugomvi wa mwezi, na kila anayegombana anakwambia yeye anafuata maneno kama yalivyo. Wengine ndio waliopotosha.

Maneno yenyewe ni machache. Mtume alisema: fungeni kwa kuuona, na fungueni kwa kuuona, mkifunikiwa na mawingu, timizeni thelathini. Mtu hahitaji kuwa mwanachuoni kuyaelewa. Mchunga mbuzi jangwani aliyaelewa, nahodha wa jahazi aliyaelewa. Amri ya karne kumi na nne ambayo kila mwenye macho anaweza kuitekeleza bila kumuuliza mtu. Sasa keti na watu watatu wanaoisoma herufi kwa herufi.

Wa kwanza atakwambia kuona ni kuona: jicho, hapa, jioni hii. Ushahidi wake ni kisa cha Kurayb, mtu wa zama za masahaba, aliyetumwa Sham, yaani Syria, kwa Muawiya aliyekuwa mtawala wa huko, Ramadhani ikamwandamia hukohuko. Waliuona usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina mwisho wa mwezi, Ibn Abbas, sahaba na binamu wa Mtume, akamuuliza mliuona lini, akamweleza. Ibn Abbas akasema: sisi tuliuona usiku wa kuamkia Jumamosi, na tutaendelea kufunga mpaka tutimize thelathini au tuuone. Kurayb akashangaa: hutosheki na kuona kwa Muawiya? Akajibiwa: hapana, hivyo ndivyo alivyotuamrisha Mtume.

Wa pili naye anashika herufi, ila anashika nyingine. Anakwambia tazama kitenzi: "fungeni" ni wingi, wameambiwa umma wote, hawakuambiwa watu wa Bububu. Akiuona Mwislamu mmoja popote duniani, umma umeuona. Na kuhusu Kurayb atakukumbusha kwamba wanavyuoni wameligombania hilo neno "hivyo": hivyo vipi? Alikusudia kila mji na mwezi wake, au alikusudia tu ile amri ya jumla ya kufunga kwa kuona, kisha yeye Ibn Abbas akaifahamu kwa namna yake?

Wa tatu ndiye anayezomewa zaidi. Anasema katika Kiarabu kuona si kwa jicho pekee, ni kujua pia. Wenzetu hucheka hapo, wakasema huyo anayakimbia maneno. Lakini hebu tujisikilize sisi wenyewe. "Naona mvua itanyesha." "Mwaonaje, tuondoke?" "Nimeona bora ninyamaze." Siku nzima tunaona vitu ambavyo jicho halijavigusa. Sisemi hiyo ndiyo tafsiri sahihi ya hadithi. Nasema tu kwamba neno lenyewe halikubali kukaa kimya, na anayedai amelishika "kama lilivyo" hajatwambia liko vipi.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote katika jambo hili ni cha Adi ibn Hatim. Iliposhuka aya ya daku, kuleni na kunywa mpaka ukubainikieni uzi mweupe na uzi mweusi, Adi akachukua kamba mbili, moja nyeupe na moja nyeusi, akaziweka chini ya mto wake. Usiku akawa anazichungulia. Haoni tofauti. Asubuhi akaenda kumweleza Mtume, naye akamtania: basi mto wako ni mpana kwelikweli! Akamfahamisha kwamba ni weusi wa usiku na weupe wa mchana. Adi hakuwa mpumbavu. Alikuwa mtoto wa Hatim at-Tai, yule ambaye ukarimu wake umekuwa mithali kwa Waarabu mpaka leo, na mwenyewe alikuwa mkubwa wa kabila lake. Alifanya alichoambiwa, na hakuna aliyemwambia amefanya dhambi. Aliambiwa tu mto wake ni mpana. Mimi nikisikia masheikh wanavyotoleana maneno kila mwisho wa Shaabani, huwa namkumbuka Adi na kamba zake, natamani turudi kwenye utani huo.

Nyumbani kwetu mto ulikuwa mpana pande zote mbili. Babu alikuwa mtu wa mwezi wa hapa. Mjomba wangu, mtoto wake mwenyewe, alirudi kutoka masomoni akiwa anafunga na kufungua na Makka. Miaka mingi hesabu zilikutana na hakukuwa na neno. Kisha ukaja mwaka zikaachana.

Asubuhi ile mjomba aliamka Idi. Alioga, akajitia manukato, akavaa kanzu, akatoka na wenzake kwenda kuswali. Babu alikuwa ameketi barazani na tasbihi yake, amefunga, mwezi 30 Ramadhani. Sasa fikiri hali yenyewe: kufunga siku ya Idi ni haramu, na kula mchana wa Ramadhani bila udhuru ni haramu. Kwa hesabu ya kila mmoja, mwenzake alikuwa katika dhambi ya wazi, chini ya paa moja, na baina yao pazia la mlango tu. Mama alimpikia kaka yake pilau, maana Idi ni Idi. Harufu ya bizari na kitunguu kilichokaangwa ikatoka mpaka barazani. Babu hakusema kitu, ila nilimwona amesogeza kiti upande wa upepo. Mjomba aliporudi akampa babake mkono, akaingia jikoni, akala amesimama, mgongo ameugeuzia mlango. Mama akafunika kilichobaki kwa kawa.

Siku ya pili ilikuwa Idi ya Babu. Mjomba akaja tena na kanzu ileile, akaketi kwenye sinia na babake, akala pilau la pili. Nilimuuliza, "Mjomba, na wewe unasherehekea leo?" Akasema, "Mwanangu, pilau halina mwezi."

Sisi watoto tulipata mkono wa Idi mara mbili, kwa hiyo tulikuwa na maoni yetu kuhusu mgawanyiko wa umma.

Nilipokua ndipo nilipofungua ramani, nikashangaa kitu ambacho hakuna aliyewahi kunitajia. Mji wa Unguja uko longitudo ya nyuzi 39.2 mashariki. Makka iko nyuzi 39.8. Yaani tumepangwa karibu mstari mmoja, wao juu na sisi chini, kilomita 3,000 hivi baina yetu. Ndiyo maana kibla chetu Unguja ni kaskazini karibu kabisa, na ndiyo maana saa zetu na zao ni moja. Watu huzungumza kama kwamba Makka iko upande mwingine wa dunia na mwezi wake ni mwingine. Kinachotutenganisha ni kaskazini na kusini. Mwezi wa Juni jua huzama kwetu karibu saa nzima kabla halijazama Makka. Disemba wao ndio wanaotangulia. Mwezi nao una tabia zake, mara huegemea kaskazini ya njia ya jua, mara kusini. Kwa hiyo iko miaka ambayo mtu aliyesimama Bububu ana nafasi nzuri zaidi ya kuuona kuliko aliyesimama Makka, na iko miaka ambayo ni kinyume. Hakuna mwenye mwezi wake.

Sasa nije kwenye jambo linaloniwasha. Ingia msikiti wowote mjini, tazama ukuta wa kibla. Kuna saa ya umeme yenye tarakimu nyekundu, na chini yake saa tano za sala, dakika kwa dakika, zimeshapigiwa hesabu mwaka mzima. Sheria ya kale ya Alasiri ni kivuli: kivuli cha kitu kikilingana na urefu wake, ukiondoa kile kivuli cha adhuhuri, Alasiri imeingia. Babu alikuwa akiuchomeka mkwaju wake uani kwa ajili hiyo. Leo nionyeshe muadhini mmoja anayetoka nje kupima kivuli. Hayupo. Sote, wa mwezi wa hapa na wa mwezi wa Makka, tumeikubali hesabu mara tano kwa siku bila kunong'ona, kisha mara mbili kwa mwaka tunasema hesabu ni uzushi.

Nilipokuwa kijana nilidhani hapo nimewamaliza. Nikamtolea hoja hiyo mwalimu wangu wa fikihi, naye akanipa jina la al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki wa Misri aliyefariki 1285, ambaye alishalijibu swali langu karne nyingi kabla sijazaliwa. Sala, anasema, imefungamanishwa na wakati wenyewe: jua likishapinduka, Adhuhuri imekuwajibikia, ujue kwa kivuli au kwa chombo chochote. Saumu haikufungamanishwa na kuweko kwa mwezi angani. Imefungamanishwa na kuonekana kwake. Mwezi unaweza kuweko, na kila mwenye hesabu akajua uko, na bado mfungo haujawa juu yako mpaka uonwe. Ni hoja safi. Sikuipenda, lakini ni safi, na tangu siku ile nimeacha kuwacheka wanaosimama pwani.

Ila kuna upande wa pili wa sarafu hiyo, na aliyeupindua ni Mshafi mwenzetu. Taqi al-Din al-Subki, aliyekuwa kadhi wa Damascus na kufariki 1355, aliuliza: vipi hesabu ikisema kwamba jioni hii mwezi hauwezi kabisa kuonekana, kisha wakaja watu wakaapa wameuona? Akasema ushahidi wao unakataliwa. Hesabu ni yakini na ushahidi ni dhana, na dhana haiipigi yakini mweleka. Wengi wa madhehebu yake hawakumfuata. Lakini alikuwa kadhi, ameshasikiliza mashahidi wa kila namna, wa mashamba na wa mikopo na wa talaka, na nadhani alijua jinsi mtu mkweli anavyoweza kukiona kitu anachokitaka.

Hapo ndipo nilipo mimi. Jicho lithibitishe, hesabu ikanushe. Mwezi huachana na jua kwa kiasi cha nusu digrii kila saa, na mwanafalaki wa Ufaransa André Danjon alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba ukiwa karibu na jua chini ya kama nyuzi 7, hakuna hilali ya kuonwa kwa jicho, mbingu iwe safi namna gani. Wakati ambao mwezi umeshatua kabla ya jua, anayesema ameuona ameona kitu kingine. Huenda ni wingu, huenda ni ndege. Huenda ni kanzu mpya nyuma ya mlango.

Au unywele. Anas ibn Malik, sahaba, alikuwa karibu na miaka mia alipotoka na watu kuutafuta mwezi. Akasema: nauona, ule pale. Wenzake hawaoni. Miongoni mwao alikuwa Iyas ibn Muawiya, aliyekuja kuwa kadhi maarufu wa Basra kwa werevu wake. Iyas akamtazama mzee usoni, akaona unywele mmoja mweupe wa nyusi umejipinda mbele ya jicho lake. Akaulainisha kwa kidole taratibu, kisha akasema: Abu Hamza, hebu tuonyeshe tena uko wapi. Mzee akatazama, akasema: siuoni. Hakuna aliyemwambia sahaba wa Mtume kwamba anasema uongo.

Wenye kuifikisha hoja mbali zaidi wapo, na si wahuni. Ahmad Muhammad Shakir, kadhi wa Misri na bingwa wa hadithi, aliandika mwaka 1939 kwamba amri ya kuona ilikuja pamoja na sababu yake. Mtume mwenyewe alisema sisi ni umma usiojua kuandika wala kuhesabu. Sababu ikiondoka, anasema Shakir, hukumu huondoka nayo. Umma sasa unaandika na unahesabu, basi uhesabu. Naielewa hoja hii, na kichwa changu kinaikubali nusu nzima. Ila nikifikiri Ramadhani inayotangazwa kwa jedwali la miaka kumi ijayo, naona kuna kitu kitakuwa kimekufa. Hata majina ya miezi yetu yatakosa maana. Waswahili tuliichukua kalenda ya Hijra tukaipanga upya kuanzia siku ya kufungua: Shawwal ni Mfunguo Mosi, inayofuata Mfunguo Pili, mpaka Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Mwaka mzima tunaupima kwa umbali wetu na jioni ile moja tuliyosimama nje na kutazama juu.

Ndiyo maana siwaonei huruma sana wanaojigamba kwa herufi siku hizi. Herufi inasema muuone. Mara ya mwisho nilipokuwa Dar es Salaam mwezi 29, nilitafuta mtu wa kutoka naye nje. Dar jua huzama nyuma ya nyumba na vilima vya Pugu, ndani ya moshi na vumbi, lakini paa la ghorofa lingetosha. Kila niliyemuuliza alikuwa ameinamia simu. Wa Makka wanangoja ujumbe wa Makka, wa hapa wanangoja tangazo la hapa. Wakabishana usiku kucha kuhusu kuona, na hakuna hata mmoja wao aliyenyanyua shingo.

Wayahudi walilipitia hili kabla yetu, na niliposoma habari zao katika Mishna, kitabu chao cha kale cha sheria, nilidhani nasoma mambo ya Unguja. Mwezi wao nao ulithibitishwa kwa mashahidi mbele ya baraza. Waliulizwa mmoja mmoja: ulikuwa kaskazini ya jua au kusini? Urefu gani? Umeinamia wapi? Na Rabbi Gamalieli, mkuu wa baraza hilo, alikuwa na picha za miezi ya namna mbalimbali ukutani chumbani kwake, akiwaonyesha watu wa kawaida na kuwauliza: ulikuwa kama huu, au kama huu? Mzee wangu wa Bububu hakuwahi kumsikia mtu huyo. Alikuwa na mchanga tu.

Mwaka mmoja Gamalieli akapokea ushahidi ambao wenzake waliona hauwezekani kabisa. Rabbi Yoshua, mjuzi wa hesabu, akasimama upande wa waliopinga. Sasa, tarehe ikibadilika na Siku ya Upatanisho inabadilika, siku yao takatifu kuliko zote, ambayo mtu habebi fedha wala hasafiri. Gamalieli akamtumia amri: siku ambayo kwa hesabu yako ni ya Upatanisho, uje kwangu na bakora yako na mfuko wako wa fedha. Yaani Yoshua aivunje siku yake takatifu mbele ya Mungu na watu. Yoshua akahangaika, akashauriana na wenzake, kisha akashika bakora na mfuko, akaenda. Gamalieli akasimama, akambusu kichwani: njoo kwa amani, mwalimu wangu na mwanafunzi wangu. Mwalimu wangu kwa elimu, mwanafunzi wangu kwa kuwa umelipokea neno langu.

Kisa hiki hunikera. Mwenye hesabu sahihi ndiye aliyetembea, na mwenye cheo akabaki amekaa. Lakini pia nikikisoma namwona mjomba anakula amesimama jikoni, mgongo ameugeuzia mlango, na Babu anasogeza kiti. Baadaye, katika karne ya nne kwa mapokeo yao, Wayahudi waliiacha njia ya mashahidi wakashika kalenda ya hesabu. Kundi la Wakaraite, wanaoshikilia maandiko bila mapokeo ya marabi, wameendelea kuutafuta mwezi kwa macho, na sikukuu zao mara nyingine hupishana na za ndugu zao kwa siku moja au mbili. Hata huko, basi, pilau ni mara mbili.

Na teknolojia, ambayo watu hudhani itamaliza maneno, imeyaongeza. Tarehe 8 Julai 2013 Mfaransa Thierry Legault alitega darubini na kamera yake nje ya Paris, akaupiga picha mwezi saa ileile ulipoungana na jua, dakika yake sifuri, mchana kweupe. Katika picha kuna uzi mwembamba wa mwanga, mwembamba hata huamini. Jicho lisingeuona kamwe. Ilikuwa ndiyo siku ambayo Waislamu dunia nzima walikuwa wakingoja Ramadhani iandame. Je, umeonwa? Mpe swali hilo mshika herufi yeyote, kisha umtazame.

Babu amekufa. Mjomba amezeeka, bado yuko na Makka. Mwaka juzi nilikuwa Unguja na familia kwa kumi la mwisho, na jioni ya 29 nikamchukua binti yangu tukashuka pwani. Tulikuwa watu kumi na mbili, nilihesabu. Zamani tulikuwa hatuhesabiki. Mawingu yalikuwa yametanda magharibi yote, mazito, ya rangi ya jivu. Binti ana programu katika simu inayokuonyesha kila nyota iliko. Ukielekeza simu angani inakuchorea.

"Baba, upo," akasema. "Upo nyuma ya wingu lile pale, umeshapanda kabisa."

"Umelala au umesimama?"

Akatazama kioo cha simu, akaugeuza mkono kidogo. "Umelala. Kama kibakuli."

Programu ilikuwa sahihi. Nilikuwa nimeshaangalia hesabu mwenyewe tangu asubuhi. Pasingekuwa na wingu tungeuona wote bila taabu. Tukangoja mpaka giza likaingia vizuri na mtu wa mwisho akavaa viatu. Mzee mmoja akatamka kwa wote, bila uchungu, "Mkifunikiwa na mawingu," hakumalizia, akaondoka. Binti yangu alikuwa bado ameshika simu juu, mwezi umo ndani yake, unashuka polepole kuelekea mstari wa bahari uliochorwa.

Mama akapiga tukiwa njiani.

"Mmeuona?"

"Wingu, mama."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia maji yanamwagika kwenye beseni. "Mjomba wako kashanipigia. Makka kesho Idi. Basi nusu ya nyama naitia tangawizi, nusu nairudisha frizani. Nyinyi kuna tambi zilizobaki kwenye futari, mtazila daku."